Nilivyomwombea Rehema Mzee Aliye Hai

Jamani, chekeni, nimeshazoea, ila mkisha kucheka mjue kwamba hadi leo nikikumbuka mguu wangu hautulii.

Mpwa wangu Idi, fundi wa kiwanda kule Zegereni, alipata mchumba Vihingo, akaniomba mimi mjomba wake niwe mshenga (eti najua kuongea, na kweli kuongea najua, kunyamaza ndiyo sijui). Asubuhi ya safari nikaona haya kumuuliza mtoto habari za wakwe, nikaiuliza simu. Si mnajua ukitafuta jina la mtu kinatokea kile kisanduku chenye picha, kazi, alikozaliwa, mke, watoto, vyote vimeunganishwa? Nikaandika majina matatu ya babu wa binti, kama yalivyo juu ya bahasha ya posa, kikatokea: refa mstaafu, mzaliwa wa Kisarawe, picha ya kijana mwenye nywele timtim na filimbi mdomoni, na chini yake, amefariki. Nilisikitika kidogo, nikafurahi zaidi kwa kupata la kusema.

Tulikwenda watatu, tukapokewa vizuri, tukakalishwa mkekani, na baba mdogo wa binti akanikaribisha nizungumze. Ningetoa barua ya posa nikatulia, yangeisha, lakini wapi! "Kabla ya yote tumkumbuke marehemu Mzee Kondo, refa asiyependelea mtu. Al-Fatiha!" Nikainua mikono, wenzangu wawili wakainua, wenyeji hakuinua hata mmoja. Nikadhani ni uchungu, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi (Mungu anisamehe). Huko jikoni mwanamke akapiga yowe, "Baba weee!", sufuria likaanguka, na majirani wakaanza kumiminika uani.

Mzee mmoja pale pembeni, aliyekuwa akimenya chungwa muda wote, akaniuliza taratibu, "Nimekufa na nini, mwanangu?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikatoa simu. "Shikamoo mzee, lakini hapa imeandikwa..."

"Marahaba." Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Picha ni yangu. Kazi ni yangu. Huyu mke simjui."

"Mke gani?" Bibi, mkewe, kashasimama mlangoni.

Barua ikarudishwa mkononi mwangu bila kufunguliwa. Idi alinieleza baadaye, machozi yakimlenga, kwamba mashine ilikuta watu wawili wenye majina yale yale ikawafanya mmoja. Wiki mbili sikulala vizuri, nikizungukazunguka nyumbani kwangu Mbwawa, nikijua nimemvunjia kijana ndoa yake. Nikaapa kwamba habari za mtu nitamuuliza mtu.

Ndugu zangu wakamtuma mshenga mwingine. Mzee Kondo akakubali kumpokea kwa sharti moja, kwamba na mimi niwepo. Nikaenda. Alinikalisha karibu yake, na kabla barua haijafunguliwa akaushika mkono wangu, akauweka kifuani kwake mbele ya ukoo mzima.

"Sikiliza mwenyewe," akasema, "kisha waambie."

Nikasikiliza, moyo wake unadunda polepole, wangu unakimbia. Nikawaambia.