Ndege ya mabomu niliyoiunda Mbeya, na mama wa Kijerumani aliyetaka kuiona kwa chini

Wakuu, habari za mihangaiko.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo nimeona niandike jambo lililonipata mwaka huu, na nitaliandika lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana sina akili. Nimebadilisha majina tu. Mengine sijayagusa.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nipo Mbeya mjini. Daktari anachukua umbo la fizi za mgonjwa, ananiletea, mimi nachonga nta, namwaga plasta, napika ile plastiki ya pinki, meno yanatoka. Ndiyo inayoniweka mjini.

Hobby yangu ndiyo watu hawaielewi.

Natengeneza mifano midogo ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia, hasa zile kubwa za kubeba mabomu. Zinakuja vipande vipande kwenye boksi, unagundisha, unapaka rangi. Ukiwa mbishi kama mimi, unakata na kubadilisha mpaka ifanane na ndege halisi iliyowahi kuruka.

Mama yangu mzazi aliwahi kuniuliza, "Ikiisha inaruka?"

Nikamwambia hairuki.

"Sasa?"

Tuendelee. Kuna jamaa pale Mbalizi anauza vitu vya mtumba vya ndani, masufuria, mapazia, midoli. Siku moja nikaona kwake boksi limechanika kona, juu lina picha ya ndege nyeusi ya injini nne. Lancaster, ndege ya Waingereza ya kupiga mabomu usiku. Scale ya moja kwa sabini na mbili, maana yake bawa hadi bawa inafika kama sentimita arobaini na tatu. Nilitembea nayo hadi stendi nimeikumbatia kama mtoto.

Nyumbani nikakuta vipande vyote vya vioo havipo. Pua ya mbele, paa la rubani, vibanda vya bunduki, vyote.

Hapo kazi yangu ikanisaidia. Kuna mashine tunayotumia kutengeneza kinga ya watu wanaosaga meno wakiwa wamelala. Inapasha moto karatasi ya plastiki angavu, halafu inaifyonza ishike umbo la plasta uliloweka chini. Nikachonga pua ya ndege kwa nta, nikaigeuza plasta, nikaifyonzea plastiki. Ya kwanza ikatoka na povu. Ya pili ikapasuka. Ya saba ikatoka safi kama tone la maji.

Wakuu, ile siku nilitembea ofisini peke yangu natabasamu.

Nikapata tamaa. Vile vipande vilikuja na milango ya mabomu imefungwa. Nikasema hapana, nataka kuona ndani. Nikaikata milango kwa kamsumeno ka meno, nikajenga tumbo zima upya kwa plastiki ya makopo ya mtindi na nyaya za chaja mbovu.

Kujenga ndani kunakulazimisha usome. Nikasoma kwamba mara nyingi walibeba bomu moja kubwa kama pipa, pamoja na visanduku vya mabomu madogo ya moto. Kubwa linang'oa mapaa na kuvunja madirisha, halafu madogo yanaingia ndani na kuchoma. Nilipoelewa hiyo mantiki nilifurahi, nakiri. Nilifurahi kama fundi anayegundua kwa nini saa inatembea. Nikachonga bomu kubwa moja na visanduku kumi na viwili, kila kimoja na mkanda wake.

Basi. Mwezi wa sita nikaitwa kozi ya wiki tatu Iringa, kwenye karakana ya meno ya hospitali moja. Nililala kwa dada yangu Atu, ameolewa Mlandege. Ndege nikaenda nayo, kwa sababu ilibaki kazi ndogo za mwisho na kule kuna vifaa vizuri kuliko vyangu. Kutoka Mbeya hadi Iringa ilikaa mapajani ndani ya katoni la mayai. Konda aliniuliza kama ni vifaranga.

Mwalimu wetu alikuwa Mama Lore.

Huyu ni Mjerumani, umri miaka themanini na nne, alifanya kazi Iringa miaka mingi akiwa kijana, na bado anakuja kila anapoweza. Kiswahili anakiongea kuliko baadhi yetu. Asubuhi anaingia karakana anatusalimia kwa Kihehe, "Kamwene," halafu anachukua kazi yako ya jana anaigeuza kwenye mwanga na kukuambia ukweli. Aliwahi kuniambia taya la chini nililotengeneza linafaa mbuzi. Nilimpenda sana.

Jumamosi karakana huwa tupu. Nilikuwa peke yangu nashikiza milango ya mabomu, Mama Lore akaingia kuchukua miwani yake.

Akasimama.

Sikufikiria kitu, wakuu. Akilini mwangu niliona fundi mwenzangu amekuja, sasa ataona kazi. Nikamwita. "Mama, shikamoo, njoo uone hii pua nimeifyonza kwa mashine ya kinga za meno."

Akaja. Akaangalia pua. "Umeifanya vizuri," akasema. Halafu akaanza kuuliza.

"Humu wanakaa watu wangapi?"

"Saba, mama."

"Wana umri gani?"

"Wengi miaka ishirini, ishirini na mbili."

"Wadogo kuliko wajukuu zangu." Akaigeuza taratibu. Nyuma ya tumbo kuna kinundu kama yai. "Hiki nini?"

"Rada. Waliweza kuona chini hata kukiwa na giza na mawingu."

"Kwa hiyo walituona."

Ndipo akili ikanirudi. Kama mtu amenimwagia maji ya baridi ya Mafinga mwezi wa saba.

Nikajibu nikijikanyaga. "Waliona mji, mama. Watu hawakuonekana."

Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea maelezo ya dawa. Akaiweka ndege mezani kwa uangalifu, akachukua miwani, akaondoka.

Jioni nikamsimulia dada Atu. Alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko ndani ya sufuria akanigeukia.

"Mdogo wangu, umemchukua bibi wa watu ukamwonyesha kitu kilichowapiga kwao? Halafu ukamwomba akusifu?"

"Sikujua, dada."

"Ulijua ndege ni ya kupiga Ujerumani?"

"Nilijua."

"Na yeye ulijua ametoka wapi?"

Shemeji aliangalia sahani yake muda wote wa chakula.

Jumatatu Mama Lore hakuja. Tukaambiwa amepumzika. Nilijua nimeua mtu.

Nikaanza kutafuta namna ya kurekebisha, na fundi anajua kurekebisha kwa mikono tu. Nilishasoma kwamba vita ilipokaribia kwisha, ndege hizi hizi zilidondosha magunia ya chakula kwa watu wa Uholanzi waliokuwa wanakufa njaa. Ni kweli, ilitokea. Nikaona hapo ndipo pa kutokea. Mchana ule wote, wenzangu wakiwa kwenye chai na chakula, nikang'oa bomu kubwa na visanduku vyangu kumi na viwili, nikaanza kufinyanga magunia madogo ya nta. Nikayapaka rangi ya kahawia. Yalipendeza kuliko mabomu, sisemi uongo.

Jumanne akaja. Darasa likaisha, wengine wakatoka, yeye akabaki. Nikamletea ndege na maneno niliyoyapanga. Nikamwomba radhi, nikamwonyesha magunia, nikamweleza habari ya Uholanzi.

Akasikiliza hadi mwisho.

"Habari hiyo naijua," akasema. "Ni nzuri. Lakini iliyopita kwetu haikubeba chakula. Mabomu yako yako wapi?"

Yalikuwa kwenye kopo la vidonge, mfukoni mwa koti langu. Nikayatoa.

"Yarudishe. Usinibadilishie."

Nikayarudisha palepale, yeye akinishikia taa. Nilipomaliza akaenda kwenye kile kiti cha wagonjwa kilichoko kona ya karakana, akakaa, akajilaza kama anayekuja kung'olewa jino.

"Sasa ishike juu yangu," akasema. "Juu zaidi. Pua ielekee dirishani."

Nikaishika. Milango ya mabomu wazi, moja kwa moja juu ya uso wake.

Mama Lore akanisimulia akiwa anaangalia juu. Alikuwa na miaka minne na kitu. Mama yake aliwashusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, kile wanachohifadhia viazi, akawafunika blanketi lililolowekwa maji. Walikuwa watatu, yeye, mama, na kaka yake Dieter wa miaka tisa. Mlio wa ndege ulikuwa hauanzi wala hauishi. Halafu ukatulia kidogo, na Dieter akasema anapanda kuchukua viatu vyake, vilikuwa vipya.

"Akapanda," akasema.

Nikasubiri. Habari ya Dieter iliishia hapo.

Mikono ilianza kuniuma, lakini sikuthubutu kuishusha.

"Miaka yote hii nimekuwa nausikia ule mlio," akasema. "Sijawahi kuiona. Nilifikiri ni kitu kimoja kikubwa kama mbingu yote. Kumbe ina misumari. Kumbe kuna mtu aliikaza mmoja mmoja."

Nikamuuliza kitu ambacho mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. "Mama, una hasira nao?"

"Baba yangu alikuwa jeshini, upande wetu. Sisi ndio tuliowaendea watu kwao kwanza. Nimeishi na hilo pia. Hasira yangu haijui ikae wapi, kwa hiyo nilijifunza kutengeneza meno."

Halafu akaniambia rangi nyeusi ya chini ya bawa la kushoto nimeipaka nene, imefunika mistari ya maungio. Alikuwa sahihi. Sehemu za juu nilizipaka mara nne kwa kupuliza rangi nyembamba. Chini nilipitisha brashi mara moja, nikijua ikikaa kabatini hakuna atakayepaona. Tuliikwangua pamoja siku ile na kuipaka upya, yeye bawa la kushoto, mimi la kulia. La kwake lilitoka vizuri kuliko langu.

Kozi ikaisha. Taya langu la mwisho alisema linafaa binadamu. Dada Atu alimpikia Mama Lore chakula Mlandege, wakaongea Kihehe cha kuokoteza, ambacho dada alikipata ukweni, na kucheka mambo ambayo sikuyaelewa, maana mimi ni Mnyakyusa. Halafu mama akarudi kwao Ujerumani.

Nilichojifunza ni kidogo, wala si cha kuhubiri. Nilikuwa najua urefu wa ile ndege, uzito wake, idadi ya bunduki, mpaka namba ya rangi. Nilidhani huko ndiko kuijua. Kumbe nilikuwa naiangalia kutoka upande mmoja, upande wa waliopanda, na maswali yote ya mtu aliyekuwa chini sikuwahi kujiuliza hata moja. Jambo la pili, ukimkosea mtu usikimbilie kumpa toleo tamu la kilichomuumiza. Muulize anataka nini. Mimi sikuuliza, nilianza kwa kung'oa mabomu.

Sijaacha hobby. Najua kuna watakaosema ningeiacha, waseme, nitasoma.

Ila wiki tatu zilizopita nilimtumia ujumbe, nikamuuliza kama anaikumbuka ile nyumba. Akanitumia picha ya mchoro alioufanya kwa penseli: ghorofa mbili, ngazi, dirisha la jikoni, chumba cha chini na pipa la viazi, hata mahali walipolala. Pembeni ameandika vipimo kwa hatua za mtoto, kwa sababu ndivyo alivyoipima.

Nimeanza kuijenga, scale ileile ya ndege. Kuta zimesimama. Ubao wa ngazi nimeuchonga kwa vijiti vya kuchokolea meno.

Nimekwama kwenye mambo mawili, na ndiyo maana nimeleta uzi. Vigae vya paa vya ukubwa huu nivitengenezeje bila kuonekana kama karatasi? Nta inalegea kwenye jua, plasta inavunjika ikiwa nyembamba.

La pili, mlango wa juu ya ngazi. Mama Lore ameomba uwe wazi nusu, kwa sababu Dieter hakuufunga vizuri na mwanga ulikuwa unaingia. Mlango wenyewe ni mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na kila nikiushikiza unajifunga.

Mwenye ujuzi wa bawaba ndogo kiasi hicho, karibu aniambie.