Kumtafuta Abti Diriye Nyuma ya Ukuta wa Saint-Malo

Watu wa Garissa hudhani nilikwenda Ufaransa kutalii. Nilitalii, sikatai, lakini nilitumwa na mama yangu.

Mama alikuwa na kaka mmoja tu, Diriye, ambaye kwangu ni abti, yaani mjomba. Kabla sijazaliwa alishuka Mombasa akapata kazi ya kuchochea makaa kwenye meli. Miaka baadaye mtu aliyetoka Aden akaleta habari: Diriye amekufa kwa ugonjwa wa kifua, amezikwa Ufaransa, katika mji wenye ukuta uliosimama baharini. Basi. Mama hakuuliza aliumwa siku ngapi wala aliacha nini. Aliuliza jambo moja, na akaendelea kuliuliza hadi nilipoota mvi: je, waliomzika walimlaza ubavu wa kulia, uso ukielekea Makka?

"Wale si Waislamu," alikuwa akisema. "Nani angewaambia?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana. Kwa miaka miwili tulifundisha na Mfaransa aitwaye Annick, aliyejifunza Kiswahili chake katika chumba cha walimu na soko la mbuzi. Aliporudi kwao akanialika likizo ya Agosti. Nilipomweleza habari ya ukuta alisema miji ya namna hiyo ni kadhaa, na mmoja ni Saint-Malo, alikozaliwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, Garissa. Basi liliondoka kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kama ilivyokuwa siku zile za majambazi. Jirani yetu muuza maziwa ya ngamia alikuja kuniaga. "Mwalimu, huko utakunywa chai ya maziwa gani? Bole sana," akasema, kwa kuwa Kisomali hakina p, na uso wake ulionyesha kwamba ananihurumia kweli. Kwenye daraja la Tana tulishushwa, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena. Afisa wa uwanja wa ndege wa Paris aliitazama pasipoti yangu kwa muda mfupi kuliko askari wa darajani.

Honfleur ilikuwa kituo cha kwanza, kwa gari dogo la Annick. Ni mji wa bandari ndogo iliyozungukwa na nyumba nyembamba, ndefu, zilizobanana hadi huwezi kupitisha mkono katikati. Kuna kanisa la mbao lililojengwa na mafundi wa mashua. Ukiinua macho ndani unaona dari kama mashua iliyopinduliwa. Mafundi walijenga walichojua. Nilipenda hilo. Lakini ukuta haukuwepo, nikamwambia Annick twende.

Saint-Malo tulifika siku ya pili, mchana. Mji mzima ni mawe ya kijivu, na ukuta wake ni mpana kiasi kwamba watu hutembea juu yake kama barabara. Annick alisema vita viliuvunja mji karibu wote, wakaujenga upya jiwe kwa jiwe. Nisingeambiwa nisingejua. Nilisimama juu ya ukuta nikaona bahari pande tatu, na moyo ukaniambia abti yuko hapa. Moyo wa mtu aliyechoka safari husema mengi, kwa hiyo sikuufuata.

Jioni ile Annick alikwenda kuweka maua kwenye kaburi la baba yake, nikamsindikiza. Makaburi ya kule yamepangwa kwa mistari, hata mwalimu mkali wa paredi angeridhika. Moja tu, karibu na ukuta wa nyuma, lilikuwa limekaa upande. Halikuwa na msalaba, na jiwe lake lilikuwa limeliwa na kuvu hadi huoni herufi. Nilimwambia Annick fundi wa lile alikuwa amelewa. Akacheka, tukarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Annick aliuliza bandarini, akaelekezwa kwa mzee mmoja, Yves, mshika usukani mstaafu aliyesafiri na Wasomali zamani. Mzee alikubali kutuona kesho yake saa saba mchana. Hakuwa na nafasi nyingine: saa tisa binti yake angempeleka kwa treni mji wa mbali, akapasuliwe macho.

Sasa nieleze ujinga wangu. Siku ile ya miadi, saa nne asubuhi, nilitoka peke yangu. Mbele ya ukuta kuna kisiwa kidogo, na bahari ilikuwa imejivuta mbali ikaacha njia ya mchanga na mawe. Kulikuwa na kibao chenye maandishi ya Kifaransa, nikakipita kama ninavyompita mtu nisiyemjua.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nikiwa mdogo nilifundishwa namna ya kuvuka laga, mto wetu wa mchanga unaokaa mkavu mwaka mzima kisha ukajaa ghafla: tazama mbingu ya upande mto unakotoka. Kukiwa na mawingu, usiingie. Kukiwa kweupe, vuka. Nilitazama mbingu. Kweupe pe. Nikavuka.

Miaka kumi na miwili nimewachorea wasichana wa Garissa mwezi ukivuta bahari, maji kupwa, maji kujaa. Nimewasahihishia mitihani. Na siku nilipoiona bahari yenyewe nikaipimia mvua.

Saa tano nilipogeuka kurudi, njia ilikuwa chini ya maji. Sijui kuogelea. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama saa ya mkononi, na nilijichukia. Saba ikafika, ikapita. Nilimwona mama akilini, amekaa mkekani akiniuliza swali lake, nami sina jibu kwa sababu nilikwenda kutembea.

Nikaswali adhuhuri. Nusura nielekee kaskazini, kwa mazoea ya nyumbani, kwa kuwa Garissa Makka iko kaskazini kwetu. Nikakumbuka ramani, nikapima jua, nikageukia mashariki, kusini kidogo, juu ya paa za mji.

Saa kumi na moja jioni njia ilitokeza. Nilivuka viatu mkononi. Chini ya ukuta alisimama Annick, na kando yake mwanamke aliyekunja uso, na mzee aliyekaa juu ya sanduku lake la safari.

Niliomba radhi. Annick akatafsiri. Mzee akapunga mkono.

"Anasema bahari ikimshika mtu, hamna wa kulaumiwa," Annick akasema. "Na anasema tulipokuwa tukikutafuta juu ya ukuta, binti yake ndiye aliyekuona, kwa darubini. Alimwambia kuna mtu kisiwani anainama, anaweka paji la uso chini. Mzee akamuuliza, ameelekea wapi? Binti akajibu, upande huu, juu ya mji. Basi mzee akakataa kupanda treni."

Mzee Yves alianza kusema polepole, na Annick akamfuata. Diriye alifanya kazi chini, kwenye moto, ambako mtu haoni mbingu. Kila wakati wa sala alipanda ngazi, mweusi kwa makaa, akauliza neno moja tu: "Makka?" Yves akatazama dira, akanyoosha mkono. Mara tano kwa siku, safari baada ya safari. Diriye alipokufa bandarini hapa, wachimba kaburi walichimba kwa mstari. Yves aliwaambia wafukie, wachimbe tena. Waligoma. Akachukua sepetu mwenyewe, na dira ya meli akaiweka juu ya udongo.

"Diriye alikuwa amemwonyesha jinsi anavyolala," Annick akasema. "Ubavu wa kulia."

Sikuhitaji kuuliza ni kaburi lipi. Nililia pale mchangani mbele ya watu wa likizo, na sikuona haya. Kisha tukaenda makaburini sote wanne, mzee akiwa amenishika bega kwa sababu ya macho yake. Nilipima kwa jua. Kaburi lile lilikuwa limelazwa sawasawa, na ni mengine yote yaliyokuwa upande.

Garissa tena, wiki mbili baadaye. Siku hizi nikifundisha maji kupwa na kujaa huanza kwa kuwasimulia wasichana habari ya kisiwa, nao hunicheka, na somo hawalisahau. Lakini siku ile niliyofika nilipitiliza hadi kwa mama bila kubadili nguo. Alikuwa amekaa kivulini. Hakuniuliza habari za safari.

"Hooyo," nikamwambia, "amelala ubavu wa kulia. Ameelekea Makka. Nimepima mwenyewe."

Alikunja na kukunjua ncha ya shela yake.

"Nani alimlaza?"

Nikamweleza habari za mzee, dira na sepetu, na treni ya kwenda kupasuliwa macho, iliyomwacha kwa ajili yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema alhamdulillahi, akajifuta uso, akavuta birika la udhu.

"Na macho yake," akauliza, "yamepona?"