Mita Thelathini Juu ya Nuu

Nilifika Nuu nikiwa na hasira. Nilitoka nayo Kasikeu alfajiri, nikabadilisha gari mara tatu, na sikuiacha popote njiani. Binti yangu alikuwa amepoteza droni, na droni yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya kampuni ndogo yenye ofisi ya vyumba viwili, inayopiga picha za mito na mashamba kutoka juu ili wahandisi wajue pa kujenga. Siku iliyotangulia, saa sita mchana, aliirusha kufuata mto wa mchanga, kwa sababu kikundi cha wanawake wa pale kilikuwa kinangoja kujengewa bwawa. Ikapita nyuma ya kilima, na haikurudi. Bosi wake alimpa mpaka jioni ya siku ya pili. Akiikosa, angerudi ofisini kupokea simu, na kazi ya kurusha ingepewa mtu mwingine.

Niseme ukweli, nusu ya moyo wangu ilifurahi. Huyu msichana nilimsomesha awe mwalimu, akawa mwalimu, darasa lake likapita vizuri, halafu siku moja akaja kuniambia ameacha chaki anaenda kujifunza kurusha midude. Kanisani kwetu wamama waliniuliza binti yangu anafanya kazi gani siku hizi, nikawaambia yuko mambo ya survey, nikabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo aliponipigia simu analia, nilijiambia Mungu amejibu maombi kwa njia yake. Nilikwenda Nuu kumchukua mtoto wangu, nimrudishe darasani.

Nilimkuta kwenye uwanja wa kanisa, mahali aliporushia kile kitu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, simu mkononi, viatu vimejaa mchanga.

"Mwaitu," akasema, na nikajua mambo ni mabaya, kwa sababu siku za kawaida huniita mami, si mama kwa Kikamba.

"Umekula?"

"Sijaskia njaa."

"Sijauliza kama umeskia njaa."

Mwenyekiti wa kile kikundi, mama wa rika langu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa ameleta bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alisema wanawake wake wote walitafuta tangu jana. Mwethya mzima, kundi lao la kazi za pamoja, ulitoka, kama wanavyotoka kuchimba au kujenga, wakajipanga mstari mmoja wakachana kichaka chote cha upande wa pili wa kilima, pale ambapo simu ilionyesha kwamba droni ilipotelea. Waliona mbuzi wa watu, wakaona sufuria kuukuu, droni hawakuiona. Asubuhi hiyo walirudia. Sasa walikuwa wamekaa kivulini kando ya kanisa, wananitazama kama mtu aliyeleta jibu.

Sikuwa na jibu lolote. Nilikuwa na maneno makali niliyoyapanga tangu Kitui mjini, na nilianza kuyatoa. Nilimwambia kazi gani hii ambayo ukigeuka tu mali ya watu imetoroka. Mwalimu hapotezi darasa lake nyuma ya kilima. Yeye alinigeuzia simu nione.

"Angalia, hii ni rekodi ya safari yote. Kila sekunde imeandikwa. Hapa inapaa. Hapa inafuata mto. Hapa nimeishusha kidogo ndio picha zitoke clear. Mstari wa mwisho ni huu. Umbali mita mia sita na arobaini. Urefu mita ishirini na mbili. Betri zaidi ya nusu. Halafu hakuna kitu."

Nilivaa miwani. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa afisa wa kilimo, upande wa kuhifadhi udongo, na nikiona safu za namba siwezi kuzipita bila kuzisoma. Zilikuwa nadhifu kweli. Nilijikuta nimesahau kugomba.

"Betri ilikuwa bado?"

"Bado kabisa."

"Kwa hivyo haikuanguka kwa njaa. Ilipotea kwa sababu gani?"

"Kilima kilikatiza signal. Ikawa hainiskii."

"Na ikikosa kukusikia inafanya nini? Inakaa tu hapo juu kama mjinga?"

Niliuliza kwa ukali, nikitaka kumchokoza tu. Lakini aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Inarudi nyumbani," akasema polepole. "Yenyewe. Inapanda mpaka urefu ule umeiwekea, halafu inakuja straight mpaka mahali ilitoka."

"Na wewe uliiwekea urefu gani?"

Alianza kupekua kwenye ile rekodi. Niliona kidole chake kikisimama. Wiki iliyopita alikuwa amefanya kazi Malili, nako Malili ni tambarare kama meza, hakuna hata kichuguu cha kukuzuia. Kule aliandika thelathini. Alipokuja Nuu hakubadilisha. Rekodi ilikuwa inasema mita thelathini, na mbele yetu kilikuwa kilima ambacho hata mtoto angeona kimepita thelathini mara mbili.

"Nimeigonganisha na mlima," akasema. "Ni mimi. Haiko kule walitafuta. Iligeuka ikakuja huku, ikagonga."

Machozi yakaanza upya, na mimi, badala ya kumwambia nilikuonya, nilikuwa tayari nawaza jambo jingine kabisa. Kitu kilichokuwa kikija kwa mstari ulionyooka, urefu mita thelathini kutoka hapa tulipoketi. Hilo halikuwa fumbo la mitambo, lilikuwa kazi yangu. Mahali pote penye urefu mmoja kwenye kilima ni mstari mmoja, na mstari huo katika nchi yetu huna haja ya kuuwazia. Tumeuchimba. Kilima chote kile kilikuwa na matuta, yaliyochimbwa na mama za hawa wanawake, tuta juu ya tuta, kila moja likizunguka kilima bila kupanda wala kushuka ili maji ya mvua yasimame. Ukipata tuta lililo mita thelathini juu ya jiwe la kanisa, ukalifuata mpaka upande wa pili, utafika mahali droni ilipokutana na kilima.

Nilimuuliza mwenyekiti kama kikundi kina kamba ya kupimia.

"Kikundi gani hakina kamba?" akanijibu, kama nimemtukana.

Ililetwa. Kamba ya mita kumi, pimamaji katikati, vijiti viwili vyenye alama. Kuishika tu mikono yangu ilichangamka. Tulianzia kwenye jiwe. Tuta la kwanza lilikuwa mita tatu juu yake. Kutoka hapo tulipanda tukipima kila hatua, mwenyekiti ameshika kijiti cha juu, mimi cha chini, binti yangu anasoma pimamaji na kuandika kwenye simu. Matuta hayakuwa sawa. Moja lilipanda mita moja na nusu, jingine kidogo zaidi, jingine pungufu, na mimi sikukubali kukisia hata moja. Jua lilikuwa kali. Wanawake walitufuata nyuma, mmoja akisema tunapima shamba la malaika, wengine wakicheka.

Kwenye tuta la kumi na tisa binti yangu alijumlisha, akajumlisha tena.

"Ishirini na tisa na nusu," akasema.

"Basi ni hili."

Tukalifuata. Upande wa kanisa lilikuwa tuta safi, lenye nyasi zilizopandwa ukingoni. Tulipopinda kwenda nyuma ya kilima, mashamba yaliisha, vichaka vikaanza, lakini tuta lilikuwa chini yao bado, linashikika kwa miguu hata pale lisipoonekana. Nilimsifu kimoyomoyo aliyelipima. Binti yangu alitangulia na simu, akitazama mstari aliouchora kutoka pale signal ilipopotelea mpaka kwenye jiwe la kanisa. Kisha akasimama.

"Ni hapa. Mstari unapita hapa."

Hapakuwa na kitu. Tulipekua chini, tukapekua ukingoni, tukainua matawi ya miiba mpaka mikono ikatoka damu. Nilipanda tuta moja zaidi, nikaenda mbele na kurudi. Hakuna. Saa tisa ilikuwa imepita. Nilianza kusikia aibu ikinipanda, kwa sababu nilikuwa nimetamba. Nilimwambia mwenyekiti labda pimamaji lao ni bovu. Alinitazama vibaya, na nilistahili.

Binti yangu hakuwa anatafuta tena chini. Alikuwa amesimama wima, anatazama bondeni kule droni ilikotoka.

"Mwaitu, hesabu yako iko sawa," akasema. "Lakini umeipimia udongo. Hii kitu haikuja ikitembea. Kabla ifike kwa udongo ingepata nini?"

Akashuka. Tuta la kumi na nane, la kumi na saba, la kumi na sita. Hapo palikuwa na mgunga mkubwa, na ncha za mgunga huo zilikuwa sawasawa na macho yangu mimi niliyebaki juu. Niliiona kabla yake. Kitu cha kijivu ndani ya miiba ya kijivu, kimelala ubavu, mkono mmoja umening'inia. Wanawake walikuwa wamepita chini ya mti huo mara nne, kwenda na kurudi siku zote mbili.

Nilipiga kelele. Nilipiga ukelele wa harusi, mimi ambaye nilikuja kumchukua. Wanawake waliupokea, kilima chote kikaitikia, na binti yangu alikuwa tayari katikati ya mti, miiba inamrarua blauzi, akikataa kuletewa kijiti kirefu kwa sababu hakutaka iguswe na mtu mwingine. Aliiteremsha kifuani kama mtoto mchanga. Pangaboi moja lilikuwa limekatika na jingine limepinda. Kamera ilikuwa nzima. Kadi ya picha ilikuwa nzima, na picha za mto zote zilikuwemo. Mwenyekiti alitaka aonyeshwe mahali bwawa litakapokaa, akaonyeshwa, akatuimbia hapo hapo.

Tuliketi ukingoni mwa tuta. Simu ilishika mtandao, na binti yangu akaanza kuandika ripoti kwa bosi. Nilisoma juu ya bega lake. Alikuwa ameandika kwamba droni imepatikana juu ya mti nyuma ya kilima, picha ziko salama, mapangaboi mawili ya kubadilisha. Hapo ningeacha mimi. Yeye akaendelea. Akaandika kwamba chanzo ni urefu wa kurudi uliobaki mita thelathini kutoka kazi ya Malili, na kwamba ni yeye ambaye hakuubadilisha.

"Ngoja," nikamwambia. "Andika ni upepo."

"Haikuwa upepo."

"Najua. Yeye anataka mashine yake, ameipata. Usimpe sababu ya kukutoa. Mimi tuta langu moja lilipasuka kule Kasikeu mwaka wangu wa pili kazini, likaondoka na mahindi ya watu. Nililipima vibaya. Nikaandika mvua kubwa kupita kiasi, na hakuna aliyeuliza."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu jambo hilo. Aliniangalia bila dharau, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwingine akitumwa hapa na hajui, ataiweka thelathini pia," akasema. Akaambatisha rekodi yote, kuanzia kupaa hadi mstari wa mwisho, akatuma.

Tukangoja. Nilikuwa na wasiwasi kuliko yeye. Asubuhi ile nilitaka aipoteze hii kazi, na sasa nilikuwa namwomba Mungu wa asubuhi asahau niliyosema. Nilimtazama mikono yake iliyochanika, simu juu ya goti, ametulia, na nikaona fahari inanijaa. Nilijua hata akifutwa, mtu aliyeketi pale amenipita.

Simu ilipoita aliweka sauti kubwa. Bosi alikuwa mwanamume wa maneno machache.

"Nimesoma," akasema. "Mlijuaje itakuwa kwa huo mti?"

"Tulihesabu matuta. Mama yangu alikuwa afisa wa kilimo."

"Na hii ripoti. Sijawahi kuletewa ripoti kama hii. Watu wote hupigwa na upepo. Nani alikufundisha kuandika hivi?"

Binti yangu alinigeukia, akatabasamu, na bila kusita akasema, "Ni yeye pia."

Kwa hilo sikuweza kukaa kimya. Niliomba simu, akanipa.

"Bosi, habari ya jioni. Mimi ndiye mama. Kuhesabu matuta nilihesabu, hiyo sikatai. Lakini ripoti nilimwambia aandike upepo. Ukweli ameuandika mwenyewe."

Upande wa pili nikasikia mtu anacheka taratibu.

"Sawa, mama. Asante. Basi mwambie nitatuma mapangaboi usiku huu, yafike asubuhi. Amalizie mto. Na aweke mita mia moja."

"Mwambie wewe," nikamjibu. "Rubani wako yuko hapa."

Nikamrudishia simu.