Maji ya Milima ya Alpi

Kwetu Newala maji hayako juu. Yako bondeni. Tangu nilipoweza kubeba mtungi nilishuka na mama alfajiri, tukapanda na maji kichwani, ndipo nikakimbilia shule. Siku za Ijumaa wasichana tulimpelekea mwalimu maji kwa zamu. Mtu wa Masasi yule, hakuzoea shida yetu.

Yeye ndiye aliyetufundisha Milima ya Alpi. Aliichora ubao mzima: ikaanza Ufaransa, ikapita Uswisi na Italia, ikaishia Austria. Niliikariri yote. Darasani hakuna aliyenishinda.

Mwisho wa mwaka akaja mkaguzi, kuchagua msichana mmoja wa kwenda shule ya bweni. Mmoja tu. Nikasimama.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nitajie nchi za Alpi."

Nikazitaja bila kukwama.

"Vizuri. Na mito mikubwa ya huko inaanzia wapi?"

Wala sikufikiri. "Bondeni, bwana."

"Bondeni?"

"Ndiyo. Juu mlimani hakuna maji. Watu huyafuata chini."

Wenzangu hawakucheka, maana nao wangejibu hivyohivyo. Alicheka mkaguzi, mpaka akatoa leso. "Kasuku huyu," akamwambia mwalimu. "Anakariri, haelewi."

Mwalimu alijua nimelitoa wapi jibu lile. Alikuwa akilinywa kila wiki. Akatazama sakafu.

Akachaguliwa binti wa karani. Nyumba yao ilikuwa ya bati, ikikinga mvua kwenye mapipa. Bondeni hakuwahi kushuka.

Nyumbani mama akaniuliza, "Wamekuchukua?"

"Hapana."

"Umekosea nini?"

"Nimesema maji yako bondeni."

Mama akaniangalia. "Kwani yako wapi?"

Akanipa ngata ya kichwani, tukashuka.

Ijumaa ikafika, zamu ikawa yangu. Nikapita na mtungi mbele ya mlango wa mwalimu, sikusimama.

"We binti! Maji yangu je?"

"Subiri, mwalimu. Yatashuka yenyewe kutoka mlimani."

Alinichapa viboko sita kwa mdomo ule. Sikurudi tena shuleni. Watu husema hasira yangu ndiyo iliyoninyima elimu. Waseme. Maji yale tuliyanywa mimi na mama, hayakubaki hata tone la kumpa mtu.