Valvu ya Akiba

Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, kitu kipya hakikutumiwa, kilifichwa. Wengine walificha sukari, mimi fundi wa kituo cha simu mlimani Bunda nilificha valvu. Ilikuwa chupa ya kioo ndefu kama mchi mdogo, haina hewa ndani, na ndiyo iliyoyapa mawimbi ya simu nguvu ya kufika Mwanza. Moja ilikuwa kwenye mtambo, moja ya akiba stoo. Ya akiba ilitakiwa iwashwe kila miezi mitatu, la sivyo hewa hujipenyeza ndani taratibu. Kila miezi mitatu niliandika daftarini kwamba nimeiwasha. Sikuiwasha hata siku moja. Niliona nitaichakaza bure, na nyingine tungeipata wapi?

Asubuhi moja valvu ya mtambo ilikufa. Punde simu ya mafundi ikalia kutoka posta ya Musoma, maana upande huo ulikuwa mzima. Alikuwa dada yangu, muuza dagaa wa mwalo wa Mwigobero hapo Musoma. Binti yake alivunjika mguu lori la shule lilipopinduka, akakimbizwa Mwanza, na dada hakupata gari la kumfuata kwa sababu dizeli hakuna. Daktari alikuwa ametoka kumweleza kwamba kidonda kimeoza, mguu ukatwe chini ya goti, anasubiri neno la mzazi. Kabla dada hajajibu, simu ikakatika.

"Mdogo wangu, niunganishie," alisema.

Nilimwambia asitoke hapo posta. Nilipogeuka, mwenzangu wa zamu alikwishafunga valvu ya akiba kwenye mtambo, mkono uko kwenye swichi ya umeme mkubwa. Aliona dakika chache za kuipasha moto zinatosha, kwa vile daftari linasema ni nzima. Nikamdaka mkono.

"Haijawahi kuwashwa hiyo. Ukiipa umeme wote sasa hivi inaungua."

"Si ulikuwaga unaandika?"

"Nilikuwa naandika tu."

Alinitazama, akaachia swichi. Tukaipasha polepole, tukiongeza umeme kidogo kidogo. Mshale wa kipimo ukiruka, tunarudi nyuma na kuanza upya. Kila dada alipopiga nilimjibu bado kidogo, hitilafu iko Mwanza. Nilimdanganya hivyo mara tano au sita.

Saa kumi jioni mshale ukatulia. Nilibaki kwenye laini kupima sauti, kama kazi ilivyotaka. Daktari alisema uozo umepanda tangu asubuhi, sasa itabidi juu ya goti.

"Ukateni," alisema dada. "Mniachie mtoto."

Daktari alipoweka simu, dada aliniita, akijua nipo nasikia. Alinishukuru kwa kumhangaikia kutwa nzima, akasema Mungu anibariki, bila mimi wangemkata mtoto wake bila yeye kuulizwa.

"Haya, dada," nikamjibu.