Kijiko cha Glukosi

Maabara nzima ilimwita Mpishi. Miaka ishirini na mbili alichemsha chakula cha bakteria, na kila chupa aliitia kijiko cha glukosi ambacho hakikuandikwa popote. "Kwangu halali mtu na njaa," alitamba. Wengi walitaka bakteria walionona tu, wala hakuna aliyelalamika.

Mpwa wake alipopata nafasi ya utafiti palepale, Mpishi alivimba kichwa wiki nzima. Binti alichunguza swichi: protini inayokalia DNA ya bakteria na kuzuia jeni moja isifanye kazi, mpaka laktosi, sukari ya maziwa, ije iibandue. Swichi ikiwaka, bakteria hugeuka buluu. Bakteria wake hawakugeuka. Miezi minane, sahani za kuoteshea, moja baada ya nyingine, weupe mtupu. Binti akakonda, akakata tamaa, akaenda kuhudumu duka la dawa.

"Si kila mtu ana mkono wa kazi hii, mama," Mpishi alimfariji. Maneno hayo yanamchoma hadi leo.

Siku moja, akifuta meza, alimsikia profesa akiwafundisha wageni: "Laktosi peke yake haitoshi. Kuna protini ya pili lazima ishike DNA ndipo jeni iwake, na glukosi ikiwepo, haishiki. Bakteria anamaliza kwanza kitamu kilicho rahisi."

Mpishi alikikumbuka kijiko chake. Alipika chakula bila kijiko, akatoa bakteria wa mpwa wake kwenye friza, akawaotesha humo pamoja na laktosi. Kesho yake sahani ilikuwa buluu tupu.

Ungedhani alitoka mbio kumwambia. Thubutu! Mtu mzima na mvi zake aliona haya, akaificha sahani nyuma ya jokofu, akajiambia kesho, kisha Jumatatu. Zikapita wiki nne.

Hatimaye aliipeleka dukani. Binti aliigeuza kwenye mwanga, machozi yakimlenga.

"Kumbe swichi yangu ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa. Mimi ndiye niliyekuharibia, kwa glukosi yangu."

"Hilo nakusamehe, Mjomba. Hukujua." Kisha akaisoma tarehe ambayo Mpishi, kwa mazoea ya kazi, aliiandika kwenye mfuniko.

"Wiki mbili zilizopita profesa alinipigia. Aliniuliza kama narudi, au nafasi ampe mwingine. Nikamwambia ampe tu."

Alimrudishia sahani, akamwita mteja aliyefuata.