Rimoti ya Soumaya

Ukimpelekea fundi Moubarak gari lako pale gereji yake Mutakura akuingizie rimoti mpya ya alamu, atakuuliza kwanza: ziko wapi zile nyingine? Wateja wengine hukasirika. Melchior, mkubwa mmoja wa ofisini, aliteremka kutoka Kiriri, mtaa wa matajiri kule mlimani, na rimoti moja tu mkononi, akarudishwa alikotoka.

"Leta telekomande zote za nyumba, chef," Moubarak alimwambia. "Yenye haiko hapa, gari itaisahau."

Na ndivyo zilivyo alamu hizo. Unawasha swichi, unabonyeza kitufe kilichofichwa chini ya usukani, taa zinawaka na kuzima, kisha unazibonyeza rimoti moja baada ya nyingine. Ile isiyokuwepo inafutwa.

Sasa fundi huyo huyo, Corolla yake ilikuwa kichekesho cha mtaa. Rimoti yake ilikufa zamani, akawa anafungua mlango kwa ufunguo, na kila akifungua alamu inalia mpaka watu wanaziba masikio. Jirani yake Sijaona, muuza vitenge, hakuchoka kumtania: "We Moubarak, magari ya watu unaponesha, ya kwako inakushinda?" Anacheka naye, anaingia garini, anaondoka. Hakumwambia mtu kwamba droo yake ina rimoti mpya tele, na kwamba akiingiza moja tu, ile ya Soumaya itafutwa.

Soumaya ni mkewe. Miezi minane iliyopita alikwenda kwao Uvira, ng'ambo ya mpaka, akasema anapumzika wiki mbili, rimoti ikiwa ndani ya mkoba. Hawakugombana, wala hakuna aliyemtukana mwenziwe. Moubarak alizishikilia hizo wiki mbili, akaona maadamu gari bado linamjua, basi mke bado ana nyumba ya kurudi. Mwite mjinga ukipenda. Mimi siwezi, maana nimeona wenye akili zao wakishikilia vitu vidogo kuliko hivyo.

Jumatatu asubuhi Rachid, kaka yake Soumaya, alivuka mpaka akaja moja kwa moja gereji. Kiti alikikataa. Akatoa kikaratasi chenye hereni mbili za dhahabu, mahari ya dada yake, na pembeni yake akaweka rimoti.

"Shemeji, mi sina maneno mingi. Soumaya anaomba umuache. Anarudisha mahari yako, na hii pia ni ya kwako."

Mwanamke wa Kiislamu akirudisha mahari amekwisha kata shauri. Hakuna tena wa kutumwa kumbembeleza. Moubarak alilijua hilo. Hata hivyo aliichukua rimoti akaibonyeza, na Corolla ikaitika papo hapo, milango ikafunguka bila kelele. Moyo ulimuuma mpaka akaegemea boneti.

"Eko muzima?" aliuliza.

Rachid alitazama chini, mtu mwema asiyejua kudanganya. "Eko muzima. Amenenepa. Siku hizi anacheka sana, mpaka mama anamukataza."

Moubarak alitafuta kichwani siku moja, moja tu, ambayo Soumaya alicheka nyumbani kwake. Aliipekua miaka yote sita ya ndoa yao. Alikumbuka chakula kikiwa mezani, mashati yakiwa yamepigwa pasi, yeye akisimulia habari za magari na mke akiitikia ndiyo, ndiyo. Siku hiyo hakuipata.

"Muambie nimemuacha," alisema, akalia mbele ya wateja.